Upande Ulioelekea Ukutani

Pale kona, mbele ya duka la kinyozi, kuna benchi la mbao za kreti ambalo mguu wake mmoja umeegeshwa juu ya tofali. Anayekaa upande wa tofali hashindi ubishi hata siku moja, maana akichangamka kidogo tu benchi linayumba na kahawa inammwagikia mapajani. Ndiyo maana jioni ile, Kinyozi alipotoka dukani, akarudishia mlango, akaenda kuketi palepale kwenye tofali bila kusukumwa na mtu, wenzake wawili waliacha kuongea. Walikuwepo Pancha, fundi wa matairi, mwenye kucha nyeusi zilizowashinda watengeneza sabuni wote. Na Wakili, ambaye hajasomea sheria, anatengeneza simu, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa na tangu hapo amekataa kushuka kizimbani. Pembeni, jiko la mkaa mbele yake, alikuwa amechuchumaa muuza kahawa, naye wanamwita Birika. Huyo huongea mara chache sana, na husema kazi yake ni kumimina.

— Kapteni anatoka hospitali leo, alisema Kinyozi.

— Sasa hiyo ni habari? Si ndiye tunayemsubiri hapa, alisema Pancha.

— Merikebu yake imepinda.

Pancha alishusha kikombe. Wakili akakohoa, ingawa hakuwa amekunywa kitu.

— Imepinda vipi?

— Imepinda. Pua inatazama huku, mkia unatazama kule. Kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

Hakukuwa na haja ya kuuliza merikebu ipi, maana mtaa mzima unayo hiyo moja tu. Kapteni ni mchora mabango, na maishani mwake hajapanda chombo chochote cha majini. Jina la Kapteni alipewa hapohapo benchini, siku alipofika na kitabu cha picha kwapani akatangaza kwamba ataunda merikebu ya milingoti mitatu, ya mbao tupu, ndogo ya kukaa juu ya kabati. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Yeye akaanza kazi. Akauchonga kwa kisu ule mti wa chini unaoshika chombo chote, wenyewe wanauita mkuku. Akakata mbavu moja moja na kuzipanga juu yake. Kisha akatayarisha mbao nyembamba kama rula, za kuzivika zile mbavu. Kila ubao aliuloweka kwanza katika maji ya moto ya Birika mpaka ukalegea na kukubali kukunjwa.

— Nimeandika majina ya biashara za watu tangu ujana wangu, aliwahi kuwaambia. Hiki ni kitu kimoja ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Nacho nitakiandika jina mwenyewe.

Jina lenyewe hakulitaja. Halafu jicho lake la kushoto likafa, na la kulia likaanza kumfuata mwenzake. Alipoitwa kwenda kupasuliwa, merikebu aliileta kwa Kinyozi kwa sababu chumba chake kinavuja. Akaiweka kwenye rafu, imevikwa ubao wa juu tu, mmoja huku na mmoja kule, na mbao zilizobaki akazilaza kando yake. Akaifunika kwa shuka la kunyolea.

— Asiiguse mtu, alisema. Hata kwa nia njema.

Kinyozi akaapa. Na wote pale kona wanajua tabia ya Kapteni. Hagombani, hatukani, haombi maelezo. Ukimvunjia neno ananyanyuka taratibu, na ndiyo basi, hatakaa nawe tena. Kule chini karibu na duka la dawa kuna benchi jingine ambako alikaa miaka mingi kabla ya kuhamia hapa. Walimkosea nini, hakuna ajuaye. Akipita pale sasa hageuzi hata shingo. Kinyozi alikuwa amenyoa vichwa vya mtaa mzima na kusikiliza shida za kila mtu, lakini rafiki wa kumweleza shida zake mwenyewe alikuwa naye mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa njiani anakuja.

— Joto hilo, alisema Pancha, upesi kuliko kawaida yake. Bati lako lile, Kinyozi. Saa za mchana mle ndani unaweza kukaanga yai juu ya kiti.

— Joto haliwezi kupindisha kitu kimoja tu likaacha vingine, alisema Wakili. Tuwe watu wa ushahidi. Mbao zilitoka wapi?

— Kwa seremala.

— Na seremala alizitoa wapi?

— Kwenye mti. Unataka azitoe wapi, baharini?

— Ahaa! Na mti wenyewe ulisimama wima? Kuna miti imeegemea tangu midogo. Ukiupasua mti wa namna hiyo, kila kipande kinakumbuka kwao. Ukigeuka tu, kinalalia upande wake wa zamani.

— Kwa hiyo mshtakiwa ni mti.

— Mti na seremala. Kwa pamoja.

— Mbona kitanda changu kilitoka kwa seremala huyohuyo na hakijapinda?

— Wewe mwenyewe unalala umepinda, utajuaje?

Siku nyingine Kinyozi angecheka. Leo alikuwa anaitazama barabara. Kila gari lililopunguza mwendo alilinyooshea shingo.

— Basi ni mashine yako, Pancha aliendelea. Mashine ya kunyolea. Kutwa nzima inatetemesha ule ukuta, bzzz, bzzz. Ningewekwa mimi kwenye ile rafu ningekuwa nimeshapinda zamani.

— Kuna mtu mmoja alikuja hapa majuzi, alisema Wakili, akashusha sauti na kusogea mbele. Mrefu, koti la kijivu. Mnamkumbuka?

— Yule mwenye kipara?

— Huyohuyo. Sasa jiulize. Mwenye kipara anafuata nini kwa kinyozi?

— Ndevu.

— Ndevu nazo hakuwa nazo!

— Alikuwa anauliza njia, alisema Kinyozi.

— Ndivyo wanavyoanza. Leo anauliza njia, kesho chombo cha watu kimepinda.

— Nani anaweza kutuma mtu akapinde merikebu ya mchezo?

— Si ya mchezo, alisema Kinyozi, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. Benchi likayumba, kahawa ikammwagikia. Hakujifuta.

Pancha alikuwa anazikuna zile kucha zake.

— Mimi nitasema kitu, msinicheke. Pua yake umesema inatazama wapi?

— Mlangoni.

— Na hospitali iko upande gani?

Wote watatu waligeuza vichwa. Hospitali ilikuwa upande huohuo wa mlango, ng'ambo ya mji.

— Basi ndiyo hivyo, alisema Pancha. Imeachwa gizani chini ya shuka, mwenyewe hayupo. Inamtafuta.

Hakuna aliyemcheka. Wakili ndiye aliyejitikisa kwanza.

— Hiyo tusimwambie mgonjwa, tafadhali. Tuafikiane hapa hapa, sauti moja. Ni joto. Mashahidi tuko watatu. Kinyozi, utalisema wewe kwa sababu duka ni lako.

— Nitasema joto, alirudia Kinyozi.

Akalijaribu neno hilo mdomoni. Lilikuwa chungu kuliko kahawa. Kwa maana yeye alijua jambo ambalo alidhani wenzake hawalijui. Siku ile Wakili aliporudi kutoka wodini na kusema daktari hana uhakika, jicho huenda lisirudi, Kinyozi aliufunga mlango wa duka mchana kweupe, akaomba maji ya moto, akaloweka mbao na kuzikata ncha kwa wembe, akazibandika. Alizibandika upande uliomtazama. Hakuthubutu kuigeuza merikebu kwa kuogopa asiiangushe. Alijiambia kwamba Kapteni akirudi haoni, angalau vidole vyake vitaikuta kazi imesogea. Kisha akaogopa alichokifanya, akaifunika, na hakuifunua tena hadi asubuhi ya leo alipotaka kuipangusa vumbi. Ndipo akakuta upande ule umezibwa wote, kuanzia juu hadi kwenye mkuku. Yeye alikuwa amebandika mbao mbili tu. Nyingine zilitoka wapi? Angemuuliza nani bila kujitaja?

— Kitu kimoja, alisema polepole. Joto linapindisha, sawa. Linabandika mbao pia?

— Mbao gani? aliuliza Pancha.

— Upande mmoja umezibwa wote.

— Hizo si alizibandika mwenyewe kabla ya kuondoka? alisema Wakili. Mimi nilipoziona nilijua ni zake.

— Ulipoziona lini?

— Nilipo... nilipokuwa nachungulia.

— Ulichungulia chini ya shuka?

Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Pancha akainama kukaza kamba za kiatu kisichokuwa na kamba. Na hapo Birika, ambaye tangu jioni ianze alikuwa hajasema lolote, akaweka makaa kwa koleo na kuuliza:

— Maji ya moto yanatibu nini?

— Maji gani tena?

— Matupu. Yasiyo na kahawa. Wewe Pancha ulikuja kuniomba kikombe ukasema ni tumbo. Wakili naye akaja akasema koo. Wewe mwenye duka ulikuwa wa kwanza, ukasema unaosha vitana. Na kila aliyechukua aliingia nayo mle ndani akavuta pazia. Nikasema moyoni, hawa wana ugonjwa mmoja na wanaoneana aibu.

Kinyozi alihisi masikio yanamuwaka moto.

— Ulinambia nikuangalizie duka ukienda sokoni, alisema Pancha hatimaye, bila kumtazama. Nikaifunua kidogo. Nikakuta zimeshaanzwa upande ule, nikajua ndivyo mwenyewe anavyofanya, anamaliza huku kwanza. Nikafuatisha.

— Mimi zamu yangu ya kuangalia duka nilikuta za Pancha, nikadhani za Kapteni, alisema Wakili. Kweli zilikuwa zinanuka ajabu, lakini nikasema labda ni gundi ya kisasa. Nami nikaendeleza.

— Basi kila mtu alimfuata aliyemtangulia.

— Ndiyo. Na wa kwanza, alisema Wakili, akageuka taratibu kumtazama Kinyozi, wa kwanza alimfuata nani?

Kabla Kinyozi hajajibu, gari lilisimama.

Alishuka kwanza mwanamke mnene mwenye kanga mbili na mkoba mkubwa, ambaye pale kona hawajapata kumwona. Ni dada yake Kapteni, mkubwa wake, aliyesafiri kuja kumuuguza. Akamshika mdogo wake kiwiko, akamtoa garini kwa uangalifu. Macho ya Kapteni yalikuwa yamefungwa bandeji nyeupe iliyozunguka kichwa chote.

— Shikamoo, Kapteni! walisema wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno, kama yanayougua ni masikio.

— Marahaba, marahaba. Huyu ni dada yangu. Msimchokoze, ananishinda kwa ubishi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Hili ndilo benchi? Mbona bovu?

Kapteni alilipapasa, akaketi katikati yao. Benchi likalia. Akainua kidevu, anasikiliza.

— Nani amekaa kwenye tofali?

— Mimi, alisema Kinyozi.

— Kinyozi? Umekaa hapo kwa hiari yako? Umekosa nini?

Alisema kwa utani. Kinyozi akacheka kicheko kikavu ambacho hakikumdanganya hata Birika.

— Bandeji inafunguliwa Jumatatu, Kapteni aliendelea. Huenda nitaona, huenda sitaona. Daktari anasema nisubiri. Lakini jamani, nimefanya kazi kule wodini! Nimelala chali, macho yamefungwa, naivika merikebu kichwani. Ubao mmoja kushoto, mmoja kulia. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Ukivika upande mmoja tu, mbao zikikauka zinavuta, na chombo kizima kinakwenda nazo. Nesi akadhani nina homa, nilivyokuwa nahesabu peke yangu. Hebu niletee niishike kidogo.

Wakili alimkanyaga Kinyozi mguu. Maana yake: joto. Sema joto.

Kinyozi aliingia ndani. Alisimama mbele ya rafu na ile merikebu ikiwa imempa shavu, na kwa mara ya kwanza akainyanyua kwa mikono miwili akaigeuza. Upande wa pili, ule uliokuwa umeelekea ukutani, mbavu zilikuwa tupu chini ya ule ubao mmoja wa Kapteni. Aliona haya mbele ya kile kitu kana kwamba kina macho. Akakitoa nje, akakiweka mapajani mwa mwenyewe, na kusema:

— Kapteni, kule ndani kulikuwa na jo...

Lakini vidole vya Kapteni vilikuwa vimeshaanza kutembea. Vilishika pua, vikaufuata mkuku kurudi nyuma, vikafika katikati na kusimama. Vikarudi. Vikapita tena palepale. Uso wake haukubadilika, na hicho ndicho kilichowatisha. Kisha vikapanda kwenye mbao.

— Huu ni wangu, alisema, akigusa wa juu. Huu umekatwa ncha kwa wembe.

Kinyozi alifumba macho.

— Huu unanuka gundi ya kuzibia matairi. Na huu mwingine. Na huu. Na hiki nini? Skrubu? Jamani, skrubu ya simu?

— Ilikuwa inachomoka, alisema Wakili kwa sauti ndogo ambayo mahakama yoyote isingeisikia.

— Mimi ndiye niliyeanza, alisema Kinyozi. Hawa walinifuata mimi bila kujua. Niliapa sitaiacha iguswe, na mkono wa kwanza kuigusa ulikuwa wangu. Si joto. Tulitaka kukwambia ni joto.

Gari lililowaleta liligeuza na kuondoka. Kapteni aliusikiliza mlio wake hadi ukapotea.

— Kwa hiyo nyote mlijua sitaona tena, alisema.

— Hapana, Kapteni! alisema Pancha.

— Basi kwa nini hamkunisubiri?

Pancha alianza kuzifuta kucha zake kwenye suruali. Ni kweli, ndicho walichokiamini wote, kila mtu peke yake nyuma ya pazia, na kila mmoja alidhani ni huruma. Kinyozi alitamani atukanwe. Angetukanwa angejua pa kushika.

Dada mtu alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mkoba begani. Hakuwa amefuata hata nusu ya maneno yale. Hakujua nani alifunika nini wala nani aliapa lini. Aliinama juu ya bega la mdogo wake, akaitazama ile merikebu kwa upande wa pili, akaingiza kidole katikati ya mbavu mbili.

— Na upande huu, aliuliza, mlimwachia nani?

Aliuliza hivihivi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Wakili alifungua mdomo. Jibu zuri lilikuwepo, na lilikuwa limemfika ulimini: tulimwachia mwenyewe. Lingetosha kumaliza kesi. Akaitazama ile bandeji nyeupe, akaumeza ulimi wake. Kinyozi alitafuta kichwani jibu lolote lenye ukweli ndani yake na hakulipata, kwa sababu katika siku zote zile hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba kuna upande wa pili.

Kapteni alisubiri kama wengine. Kisha aliigeuza merikebu mapajani, ule upande mtupu ukamwelekea yeye. Akaupapasa mfululizo wa mbavu toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, bila kuruka hata moja.

— Birika, alisema. Maji ya moto yapo?

Birika alilitikisa birika lake. Hakukusikika kitu ndani. Walikuwa wamelimaliza lote wakimsubiri, kikombe juu ya kikombe, na aliona uzito kulitamka hilo.

Kinyozi aliinuka. Benchi likayumba, na Kapteni akaikumbatia merikebu kifuani isianguke. Kinyozi alilichukua lile birika mkononi mwa mwenyewe, akavuka barabara kwenda bombani, akalikinga na kufungua maji. Alikuwa amewapa mgongo. Aliogopa kugeuka. Alisikia maji yakijaa, akasikia yakimwagikia viatu vyake, na bado alikuwa hajageuka, anasikiliza kama benchi litalia tena, Kapteni akinyanyuka.

Halikulia. Akafunga bomba, akageuka. Kapteni alikuwa bado amekaa.